Moto wa nyika ukija, nani atamchukua paka wangu?

Swali la msomaji: "Shikamoo Daktari. Wiki tatu zilizopita moto wa nyika ulitoka porini ukafika mpaka kwenye nyumba zetu. Mimi nilikuwa kazini. Jirani alivunja dirisha akamtoa mbwa wangu, Mungu ambariki, lakini paka hakumwona. Jirani mwingine alirudi kuwafungulia mbuzi wake akaungua mikono yote miwili. Sasa tumegawanyika. Wapo wanaosema ni upumbavu kuhatarisha roho ya mtu kwa ajili ya mnyama. Wengine tunataka kujipanga kama majirani ili lisitukute tena, ila hatujui tuanzie wapi. Mbwa bado anakohoa kidogo, ila anakula. Na paka je, nikate tamaa?"

Marahaba, na pole sana. Mfikishie pole zangu na huyo jirani aliyeungua. Vidonda vya mikono vinachelewa kupona, kwa sababu hakuna awezaye kuacha kuitumia mikono yake.

Nianze na hilo la kugawanyika, maana msipolimaliza hamtapanga lolote. Anayesema roho ya mtu hailinganishwi na ya mbuzi hajakosea. Anapokosea ni kudhani kwamba moto ukishafika watu watakaa wapime. Hawapimi. Mtu aliyemlea mbwa miaka minane atageuza gari barabarani arudi, hata umwekee kizuizi. Nimehudumia wanyama kwenye kambi za waliokimbia moto, na sijaona amri iliyomzuia mtu wa namna hiyo. Kilichomtuliza kila mara ni maneno machache tu: "Mbwa wako yuko hapa, mzima." Akisikia hivyo mabega yanashuka, anakaa chini, anaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kupanga namna ya kuwaokoa wanyama mnapanga namna ya kuwazuia watu wasirudi motoni, na wale wanaowapinga wangependa matokeo hayohayo. Waambieni hivyo.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, watu wengi walikataa kuondoka kwa sababu mashua na mabasi ya uokoaji hayakuwa yanapokea wanyama. Mwaka uliofuata, 2006, ikapitishwa sheria inayotaka mipango ya dharura ya majimbo na ya serikali za mitaa iwahesabu pia wanyama wa nyumbani na wale wanaowasaidia watu wenye ulemavu. Kimbunga si moto, lakini moyo wa mwenye mnyama ni uleule.

Moto wa nyika una ubaya mmoja unaozidi mafuriko na vimbunga vingi: hautoi muda. Mji wa Paradise huko California ulifikiwa na moto asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, na siku haikuisha kabla sehemu kubwa ya mji haijateketea. Watu 85 walikufa, majengo zaidi ya 18,000 yakaharibiwa. Kwa siku nyingi wenye nyumba hawakuruhusiwa kurudi. Wanyama walioachwa nyuma waliendewa na watu wa kujitolea waliokuwa wamefunzwa kabla ya moto na kuruhusiwa kupita vizuizi. Wale walioweza kuhamishwa walihamishwa, na waliobaki walipelekewa chakula na maji hapohapo walipokutwa. Zingatia hilo la kufunzwa kabla. Siku ya moto hakuna askari atakayekufungulia kizuizi kwa sababu tu unapenda wanyama. Kama eneo lenu lina zimamoto au ofisi ya maafa, nendeni sasa hivi, kiangazi kingine hakijaanza, mwaulize ni nani anayeruhusiwa kuingia na anatakiwa awe na nini. Mkikuta hawana utaratibu wowote kuhusu wanyama, ombeni muwasaidie kuutengeneza.

Sasa mpango wenyewe. Msianze na mkutano mkubwa. Anzeni nyumba tano au sita zinazoonana, mkae mzungumze kama saa moja. Kila nyumba iseme ina nani: mbwa wangapi, paka wangapi, mbuzi, kuku, ndege wa kwenye tundu, mzee asiyeweza kutembea peke yake. Kisha kila nyumba iwe na watu wawili wanaoshinda nyumbani mchana, ambao wanajua ufunguo ulipo na mnyama anajificha wapi. Wawili, si mmoja, kwa sababu huyo mmoja siku hiyo anaweza kuwa amesafiri. Jirani yako alilazimika kuvunja dirisha. Ni kitendo cha upendo, lakini dakika alizotumia kulivunja ndizo angemtafutia paka.

Mkimaliza hapo, hesabuni magari. Jambo hili linasahauliwa karibu kila mahali. Mbwa wanne, paka sita na familia tatu hawaingii kwenye gari moja, na mbwa wawili wasiofahamiana wakifungiwa pamoja kwenye moshi watararuana. Amueni leo nani anapanda na nani, na mnaelekea wapi. Vituo vingine vya waliohamishwa havipokei wanyama, hivyo kila nyumba iwe na rafiki au ndugu wa upande mwingine, mbali na njia ya moto, aliyekwisha kukubali. Mpige picha kila mnyama, na picha moja mwenye mnyama awemo. Siku ya kuthibitisha kwamba paka huyu ni wako, picha hiyo itakufaa kuliko maelezo marefu. Kama daktari wa mifugo wa kwenu anaweza kuweka chipu chini ya ngozi, iwekeni, na namba ya simu iliyosajiliwa nayo iwe ile mnayoitumia sasa.

Makubaliano yafungwe kwa kanuni moja: amri ya kuondoka ikitoka, harudi mtu. Atakayekuwa mbali atapiga simu, na mwenzake aliyepo ndiye atakayetenda kama bado kuna nafasi. Kama hakuna nafasi, hatendi, na hatalaumiwa. Hilo la kutolaumiwa lisemwe kwa mdomo, mbele ya wote, kabla moto haujaja.

Niseme kidogo kuhusu tabia za wanyama wenyewe, kwa sababu mpango mzuri huharibika hapo. Paka akiogopa hakimbilii mlangoni. Anarudi nyuma, anatafuta pembe yenye giza, anajibana, ananyamaza. Nilishamtoa paka mmoja ndani ya sofa: alikuwa ametoboa kitambaa cha chini akapenya mpaka kwenye springi. Mwenye nyumba alikuwa ameita mpaka sauti imekauka, na paka yuko hatua mbili kutoka aliposimama, macho wazi, hapumui kwa kusikika. Kwa hiyo usimlaumu jirani kwa kutomwona wako. Dawa yake ni kulizoesha tundu la kubebea mapema. Liache sebuleni mlango wazi, tandika kitambaa chenye harufu yako, mpe chakula humo. Baada ya wiki chache atalala humo mwenyewe, na siku ya hofu huenda ndiko atakakokimbilia. Moto ukianza kuonekana kwa mbali, fungeni milango ya vyumba mapema ili abaki mahali pamoja panapofikika. Tundu likikosekana, foronya ya mto inafaa: mwingize, funga mdomo wa foronya, nenda. Atapumua.

Mbuzi, kondoo na farasi wana tabia nyingine, na ndiyo iliyomuunguza jirani yako. Kwao banda ndipo mahali pa usalama. Ukiwatoa likiwa linawaka na ukaacha mlango wazi, wanaweza kurudi ndani. Farasi wanajulikana kwa hilo. Mlango ufungwe nyuma yao, kila mara. Mbuzi wafundisheni kufuata mlio wa ndoo ya chakula. Mtikisieni ndoo yule anayetangulia wenzake, kila jioni, mpaka akija wote wanamfuata. Kuwaswaga mbuzi walioshtuka kwenye moshi kunaweza kula muda wote mlionao.

Na kama hamwezi kuwahamisha? Basi amueni mapema, moto ungali mbali. Wapelekeni kwenye uwanja mpana ulioliwa nyasi zote au uliolimwa, ambako hakuna cha kuungua, pawe na maji ya kutosha siku kadhaa. Fungueni malango ya ndani ili wapate pa kukimbilia, lakini lango la kwenda barabarani lifungwe, kwani mnyama barabarani kwenye moshi anaua watu waliomo garini. Wavueni kamba za nailoni shingoni na kichwani, kwa sababu nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi. Andikeni namba ya simu ubavuni kwa rangi. Kisha ondokeni. Jirani yako angefanya hivyo saa mbili kabla, mikono yake ingekuwa mizima leo. Simlaumu, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mbuzi walionusurika wachunguzeni tena, hata kama waliangaliwa siku ya kwanza. Mnyama aliyepita juu ya ardhi ya moto anaweza kusimama vizuri mwanzoni, akaanza kuchechemea siku au wiki baadaye kwa sababu nyama iliyo ndani ya ukwato iliungua. Pitisha mgongo wa mkono pale nywele zinapokutana na ukwato. Ukisikia joto lisilo la kawaida, au ukiona ufa na majimaji, huyo anahitaji daktari. Angalia kiwele pia. Jike aliyeungua chuchu hataweza kunyonyesha, na watoto wake watadhoofika huku mama anaonekana mzima.

Nije kwa mbwa wako. Kukohoa siku mbili tatu baada ya moshi si ajabu. Wiki tatu ni nyingi. Chembe za moshi ni ndogo mno, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na njia ya hewa iliyochubuka hushambuliwa kirahisi na vijidudu vinavyoleta nimonia. Mpeleke apimwe wiki hii, usingoje aache kula. Mpaka hapo usimkimbize, matembezi mafupi yanatosha. Kwa farasi waliovuta moshi mwingi, madaktari wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis wanashauri wapumzishwe wiki nne hadi sita kabla ya kurudishwa kwenye kazi nzito, na mimi humpa mbwa anayekohoa subira ya namna hiyohiyo. Mwangalie na nyayo. Majivu yakilowa huwa makali kama magadi, yanachoma ngozi polepole. Kila mkirudi kutoka nje osha miguu yake kwa maji safi, na kati ya vidole pia. Sehemu mpya iliyoungua ni ya kupozwa kwa maji ya kawaida, si barafu, wala usipake mafuta ya kupikia au dawa ya meno. Nimetumia saa nzima nikiiondoa dawa ya meno kwenye unyayo wa mbwa mmoja, amelala ametulia, ananilamba kiwiko kila nilipomtonesha.

Uliuliza muanzie wapi kama majirani, na najua wengi mkisema kusaidia mnafikiria kukusanya vitu. Nisikilizeni kwa upole hapo. Katika moto mkubwa wa Australia wa 2019 na 2020, wanyama karibu bilioni 3 waliuawa au kupoteza makazi, kwa makadirio ya wanasayansi waliofanya kazi hiyo kwa ajili ya shirika la uhifadhi la WWF. Dunia nzima iliguswa. Watu wa nchi nyingi walifuma na kushona mifuko ya kulelea watoto wa kangaruu, wakatuma mingi hivi kwamba waliotoa wito wenyewe ikabidi waombe watu wasimame. Naipenda ile picha ya bibi wa mbali akishonea kangaruu asiyemjua, na sitasema hata neno moja la kumvunja moyo. Ila kwanza ulizeni kinachohitajika. Siku za mwanzo mara nyingi ni fedha, dawa, mafuta ya magari, na mikono inayojua kumshika mnyama aliyeungua. Baada ya mwezi, wageni wakiisha na habari zikipoa, ndipo zinapohitajika nyumba za kuwalea wanyama ambao wamiliki wao bado wanaishi kwenye mahema. Mkiweza kuahidi kitu kimoja tu, ahidini hicho: kwamba mtu aliyeunguliwa na nyumba hatalazimika kumtoa mbwa wake kwa sababu hana pa kumweka. Nimeona baba mzima, ambaye hakulia nyumba ilipoungua, akilia alipoambiwa amuache mbwa.

Mifano ya watu kufanya hivyo ipo. Moto ulipovamia maeneo ya Los Angeles mnamo Januari 2025, kituo cha wanyama cha Pasadena Humane kilipokea mamia ya wanyama ndani ya siku chache. Watu wenye magari ya kukokota farasi walijitokeza kubeba farasi wa watu wasiowajua, na uwanja wa farasi wa Burbank ukafungua mabanda yake, wakaingia na punda na nguruwe humohumo.

Kuhusu wanyamapori sitarefusha, ingawa nawapenda hao kuliko ninavyoweza kueleza. Ukimkuta aliyeungua, usimfukuze, usimkumbatie, usimmiminie maji mdomoni. Australia ilijifunza hilo kwa koala: watu waliwanywesha kwa chupa kwa nia njema, lakini koala akiinuliwa kichwa hivyo, maji yanaweza kuingia mapafuni akafa. Maji yawekwe kwenye chombo kipana kisicho na kina, chini, na fimbo au jiwe ndani ili wadudu na ndege wasizame. Mdogo anayeshikika mfunike kwa kitambaa, mweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, kimya, umpigie anayehusika. Chakula mwacheni mtaalamu aamue. Walipoamua jimbo la New South Wales, hukohuko Australia, kuwalisha kangaruu wadogo wa miambani waliokuwa wamebaki bila majani, Januari 2020, waliwadondoshea kwa ndege zaidi ya kilo 2,000 za karoti na viazi vitamu, lakini walijua ni spishi gani na inaishi wapi.

Kuna dubu wawili ninaowakumbuka kila nikikata tamaa na kidonda. Waliungua nyayo kwenye moto ulioitwa Thomas, California, Desemba 2017. Bandeji za kawaida wangezila, zikawaziba matumbo. Daktari wa wanyama Jamie Peyton na wenzake wakawashonea nyayoni ngozi ya samaki, perege, iliyosafishwa, mbinu iliyoanza Brazili kwa wagonjwa wa moto, kisha wakazifunika kwa karatasi za mchele na maganda ya mahindi ili hata wakitafuna wasidhurike. Mmoja akagundulika ana mimba. Ikabidi wakazane apone haraka, asije akazalia kizimbani. Mwezi uliofuata wote wawili walirudishwa msituni.

Sasa paka wako. Usikate tamaa. Baada ya moto wa Paradise walipatikana paka hai wiki nyingi baadaye, na wengine miezi. Mtafute karibu zaidi ya unavyodhani: chini ya mabati yaliyoanguka, kwenye mitaro na makalavati, chini ya magari yaliyoungua, ndani ya ghala la jirani. Nenda usiku kukiwa kimya, na tochi uishike usawa wa macho yako ili uone macho yake yaking'aa. Usiite sana, paka mwenye hofu haji hata kwa sauti ya mama yake. Kaa chini, ongea kama unavyoongea jikoni. Weka chakula mahali pamoja kila jioni, na kuzunguka sahani nyunyiza unga laini, asubuhi utasoma nyayo. Ukiona ni za paka, azima mtego wa kumkamata bila kumuumiza. Nenda vituo vya wanyama mwenyewe, usitegemee simu wala picha. Paka mweupe aliyetoka motoni ni wa kijivu, masharubu yamekatika, masikio yamejikunja, na mhudumu atakuambia kwa ukweli kabisa kwamba hana mweupe.

Ukimpata usimpe sahani iliyojaa. Mwili uliokaa na njaa wiki tatu unaweza kudhurika ukilishwa ghafla. Mpe kijiko kimoja cha chakula laini, ngoja saa mbili tatu, mpe tena, maji yawe karibu. Kesho yake mpeleke kwa daktari, hata kama ameshaanza kujilamba na kukoroma mapajani mwako, na umwombe daktari asikilize moyo. Madaktari wa Davis waliwapima paka waliookolewa kwenye moto wa California wa 2017 na 2018 wakakuta zaidi ya nusu yao misuli ya moyo imekuwa minene, na baadhi wana damu inayoelekea kuganda. Hilo halionekani kwa nje, na likigunduliwa mapema linatibika kwa nafuu zaidi. Namba yangu ya kliniki unayo. Piga saa yoyote.